Kabla hujapanda mlima mwingine, sugua buti

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa vyura kwenye Milima ya Tao la Mashariki, nawaomba jambo moja: msihamishe chochote chenye uhai kutoka mlima hadi mlima. Si chura, si kiluwiluwi, wala tope lililonasa kwenye soli.

Usambara, Uluguru na Udzungwa zimetenganishwa na nyanda kavu ambazo chura wa msituni havuki. Kila kundi limezaliana lenyewe kwa lenyewe, na vinasaba vikabadilika kila upande kivyake. Kwa macho hutagundua. Nectophrynoides viviparus, chura anayezaa badala ya kutaga mayai, anajulikana tangu 1905, lakini ni mwaka 2025 tu ndipo spishi 3 mpya zilipotenganishwa naye, kwa msaada wa vinasaba vya vielelezo vikongwe vya makumbusho. Kwa hiyo mimi humrudisha kila chura pale pale nilipomtoa, hata mvua ikinyesha na wenzangu wameshatangulia kambini. Ninaondoka na ute wa mdomoni kwenye pamba, sauti ya mlio wake, na namba za jipiesi.

Tazameni California. Katikati ya karne ya 20, wauza chambo walileta salamanda (jamaa wa vyura, wenye mkia kama mjusi) wa Texas kwenye bonde la Salinas. Hao na wa California walikuwa wametengana mamilioni ya miaka, na bado wakazaana. Machotara walistawi, wakasambaa. Mgeni aliye peke yake unaweza kumwinda. Jeni zake zikishaingia kwenye damu ya wenyeji, utazitoa vipi?

Magonjwa nayo husafiri. Chura wa Kihansi, kule Udzungwa, waliporomoka mwaka 2003, na kuvu la kitridi, linaloshambulia ngozi ya vyura, likakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini.

Basi buti: sugueni kwanza kwa mswaki mkuukuu mpaka mifereji ya soli ionekane, maana jiki haifanyi kazi vizuri juu ya tope. Ndipo mtie dawa, mbali na kijito, kwa sababu ngozi ya chura hufyonza kemikali kwa urahisi. Kisha zianikeni zikauke kabisa. Kitridi haivumilii ukavu. Nyavu na ndoo vivyo hivyo, pamoja na viatu vya dereva na wabeba mizigo, ambavyo nimeona vikisahauliwa karibu kila safari.