"Hanicheki" ina maana mbili

Msomaji anauliza: "Rafiki yangu aliniandikia, 'Asha hanicheki siku hizi.' Alimaanisha Asha hamtafuti, au ameacha kumcheka? Na hili 'cheki' lilitoka wapi?"

Sentensi hiyo inabeba maana zote mbili. Cheka, kama vitenzi vya Kibantu kwa jumla, hubadili -a kuwa -i kinapokanushwa katika wakati uliopo: anacheka, hacheki. Cheki ni kitenzi cha mkopo, na mwisho wake haubadiliki, sawa na jibu, rudi na samehe. Hapo ndipo vitenzi hivi viwili vinapofanana herufi kwa herufi. Kwingineko vinaachana: ananicheka na ananicheki, hajanicheka na hajanicheki, mcheke na mcheki, amechekwa na amechekiwa. Kosa ninaloliona sana ni "nichekee bei" badala ya "nichekie bei". La kwanza linamwomba mtu aicheke bei. Rafiki yako angeandika "hanitafuti", utata usingekuwepo.

Asili ya cheki ni "check" ya Kiingereza. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kupitia Kilatini cha Zama za Kati na Kiarabu, na chimbuko lake ni shah ya Kiajemi, yaani mfalme. Lilikuwa tamko la mcheza sataranji kumwonya mwenzake kwamba mfalme wake amevamiwa. Aliyeonywa hana ruhusa ya kuendelea na mipango yake kabla ya kumwokoa mfalme. Kwa hiyo neno likapata maana ya kuzuia, kisha ya kuhakiki, maana anayehakiki huzuia kosa lisipite. Katika karne ya 18 kiliitwa hivyo pia kipande cha karatasi kilichobakizwa ili kuzuia udanganyifu wa fedha, na baadaye karatasi ya malipo yenyewe. Waingereza huiandika "cheque", Wamarekani "check".

Kiswahili kina shah hiyohiyo kwa njia nyingine: shaha, kama katika shaha wa malenga. Inafurahisha kuona cheki la vijana wa mjini na cheo cha mshairi mkuu vikiwa na babu mmoja.

Katika mazungumzo, cheki halina ubaya. Katika maandishi rasmi linaficha kazi iliyofanyika: daktari hupima, fundi hukagua, mhasibu huhakiki. Barua ya ofisi iseme "wasiliana nami", si "nicheki". Na karatasi ya benki ni hundi, neno tulilolipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi.