Kabla ya Kumpa Kopepodi Jina Jipya

Mtu akikutana na kopepodi wa baharini, yaani krasteshia mdogo sana, asiyelingana na mchoro wowote alio nao, jambo la kwanza kumjia ni jina. Kwa uzoefu wangu wa hadubini, jina lingoje, kwa maana sehemu kubwa ya kazi ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyekutangulia kumwandika.

Hakikisha kwanza kwamba mnyama amekomaa. Kopepodi hupitia hatua sita za naupli, yaani lava wa mwanzo, kisha tano za kopepodidi, yaani mchanga anayeanza kufanana na mpevu, ndipo awe mpevu. Na mnyama mchanga wa spishi inayojulikana sana huweza kukuhadaa, kwa kuwa miguu yake haijatimiza pingili zake zote. Kwa Kalanoida, oda mojawapo ya kopepodi, mimi hutafuta dume mpevu, nikamlaza katika tone la gliserini na kumtenga viungo kwa sindano nyembamba za tangsteni hadi nifike jozi ya tano ya miguu. Katika spishi nyingi mguu wa kulia wa jozi hiyo haufanani kabisa na wa kushoto: mmoja umejikunja kama koleo la kumshikia jike, na umbo la koleo hilo, hadi kimwiba cha mwisho, hutofautisha spishi ambazo kwingineko zinalandana.

Urefu wa mwili usiutegemee peke yake. Calanus glacialis Jaschnov, 1955, alitenganishwa kwa muda mrefu na Calanus finmarchicus kwa kipimo hicho, mpaka vinasaba vikaonyesha kwamba vipimo vya spishi hizo mbili huingiliana. Ndiyo maana sampuli huigawa tangu melini: sehemu moja katika fomalini kwa ajili ya umbo, nyingine katika ethanoli, kwani fomalini huharibu DNA.

Unapopekua maandishi ya zamani, zingatia mabano yanayozunguka jina la aliyeifafanua spishi kwanza na mwaka wake. Calanus finmarchicus (Gunnerus, 1770) ana mabano kwa sababu Gunnerus alimwita Monoculus finmarchicus; anayetafuta kwa jenasi ya leo pekee hataupata ufafanuzi wa awali.

Jina lenyewe ni jambo fupi. Ukimtunukia mwanamume, kwa kawaida huishia kwa -i, mwanamke kwa -ae, na jina la kivumishi hufuata jinsia ya jenasi. Kujitunukia mwenyewe hakukatazwi, ila ni aibu.

Kanuni ya majina ya wanyama inadai, kwa spishi zilizotangazwa baada ya 1999, holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, itajwe waziwazi, pamoja na mkusanyiko itakamohifadhiwa. Makala ikitoka kwa njia ya kielektroniki tu, tangu 2012 lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na ushahidi wa usajili uonekane ndani yake. Na kama holotaipu imechambuliwa, kila slaidi ibebe nambari ileile ya mnyama, kwa kuwa mguu wa tano ukipotea kabatini, atakayekuja kuhakiki hatakuwa na cha kulinganisha.