Weka huo wembe chini! Negativu haikwanguliwi

Weka wembe chini kwanza, mengine baadaye. Umeuliza lenzi gani inafaa kwa picha za watu, na filamu utazihifadhije na unyevu huu wetu wa Mombasa. Halafu chini kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, unasema picha ya nyanya yako ina kidoa shavuni na jicho moja limetoka na ukungu, si kali, kwa hiyo leo usiku unakwangua kidoa kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo weusi na weupe vimegeuzana, na Jumamosi unampiga picha upya. Yakhe, usithubutu.

Mimi nilikwangua. Mamangu mkubwa, kaketi barazani Kibokoni, kajitanda leso mpya, uso umetulia vile ambavyo huupati kwa kuomba. Kidoa chenyewe kilikuwa vumbi lililotua kwenye filamu wakati wa kuipakia: mwanga haukufika hapo, negativu ikabaki wazi, kwenye karatasi kikatoka cheusi. Fundi mmoja, bingwa wa kila kitu mpaka siku unapomhitaji, akaniambia nikwangue taratibu upande usiong'aa, kitatoka. Sikuuliza kitatoka kiende wapi. Palipo wazi pana nini cha kukwangua? Unachotoa ni weusi wa pembeni yake, na popote unapopunguza weusi kwenye negativu, picha inazidi kuwa nyeusi. Nachapa, naona kidoa kimekua, narudi na wembe, nachapa tena. Mwisho wake shavu zima lina kovu. Mamangu mkubwa akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena: "Mwanangu, hapa nilipigwa na nani?" Nikasema ni kivuli. Mpaka leo harusini ananitania mbele za watu, nami nacheka, nifanyeje.

Mafundi wa studio za zamani walifanya kinyume kabisa. Kwa penseli iliyochongwa vizuri walijaza palipo wazi, kidoa kikatoka cheupe kwenye karatasi, kisha wakakizima kwa brashi nyembamba na rangi. Walijaza, hawakutoa. Yule bingwa wangu sijui kazi alifundishwa na nani, labda kinyozi.

Lakini hata penseli usiishike bado. Chapa kwanza! Filamu ya inchi 4 kwa 5 ukiitoa kwenye karatasi ya 16 kwa 20 umeikuza mara 4 tu. Hicho kidoa kinachokunyima usingizi utakitafuta kwa kidole. Itundike ukutani nyumba nzima ipite mbele yake. Wakitaja kidoa kabla ya kutaja uso wa nyanya, njoo unitukane hapa hapa.

Na hilo jicho? Ukishaingiza filamu, kwenye kile kioo cha nyuma ya kamera cha kutazamia picha huoni tena kitu. Tundu la lenzi liko wazi, f 5.6, panapotoka pakali ni pembamba tu; mtu anavuta pumzi, fokasi imehamia sikioni. Inampata kila mtu. Julia Margaret Cameron, mpiga picha maarufu wa Uingereza wa zamani, alipewa kamera mwaka 1863, akiwa na miaka 48, na wakosoaji wa Uingereza walimkejeli kwa ukungu na madoa ya picha zake. Leo picha hizo hizo ziko makumbusho. Sasa wewe unataka kumkalisha bi mkubwa tena kwa sababu ya kope? Mara ya pili atakukalia kama anapigwa ya kitambulisho.

Lenzi chukua ya milimita 210. Ya 150 itakusogeza karibu mno, pua ijae picha. Ukishachapa tuma tuone, na kidoa chake.