Faili za King: zipi zimefunguliwa, zipi bado

Uliyeuliza kama faili zote za FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuhusu Martin Luther King, mpigania haki za Weusi, zimeshafunguliwa: hapana, bado. Kurasa zaidi ya 230,000 zilizotolewa Julai 2025 zinahusu hasa uchunguzi wa kuuawa kwake Memphis mwaka 1968. Kanda ambazo FBI walimrekodi kwa siri ni suala jingine. Mwaka 1977 jaji mmoja wa Washington aliamuru zifungiwe kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kwa miaka 50, yaani hadi 2027. Mimi naona familia yake isikilizwe kwanza kabla hazijafunguliwa, maana walitega vinasa sauti hadi kwenye vyumba vya hoteli alimolala.

Ila usiishie kwenye faili za majasusi. Hifadhi hiyohiyo ina vielelezo vya kesi iliyopinga ubaguzi wa rangi kwenye mabasi ya mji wa Montgomery, na kimojawapo ni mchoro wa basi alilokamatiwa Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti, tarehe 1 Desemba 1955. Viti vimechorwa safu kwa safu, na alipokaa pameonyeshwa. Uangalie taratibu: hakukaa kwenye viti vya mbele vya Wazungu kama wengi tunavyodhani. Alikuwa safu inayofuata nyuma yake, na bado wakamtaka ainuke.