Barua kwa mwanangu: Wakubwa wa zimamoto wametokea wapi?

Mwanangu,

Waalaykum salaam, na marahaba. Barua yako mamaako kaisoma kabla yangu kama kawaida yake, na jibu lake keshakupa kwenye simu: popote watakapokupeleka, nenda. Lakini wewe hukumuuliza yeye, na wala hukuuliza hilo. Umeniuliza mimi kama ni kweli wakubwa wote wa zimamoto walianza kwa kushika mpira wa maji, au wapo walioletwa tu wakakalishwa juu. Na unauliza kwa sababu umetakiwa uchague: ubaki kwenye zamu hapo kituoni Mjini, au uhamie ukaguzi wa usalama wa moto majengoni. Wenzako wanakwambia ukaguzi ni kazi ya kalamu, anayeingia huko cheo anakisikia kwa jirani.

Mimi sikuwa mkubwa, nilikuwa dereva. Lakini dereva wa gari la zimamoto anapata jambo ambalo hata karani wa masjala halipati, maana mkubwa wa msafara hukaa ubavuni pake. King'ora kinalia, watu wanakimbia barabarani, na yeye hapo anaongea kilichomo moyoni. Kwa masuali yake tu, kabla hatujafika kwenye moto, nilikuwa najua ametokea wapi.

Aliyepitia polisi au jeshini anauliza watu. Njia iko wazi? Umati umeshajaa? Nani anazuia magari pale njia panda? Aliyekuja na shahada yake ya uhandisi anauliza maji: tangi limejaa, haidranti ya karibu, lile bomba la barabarani la kuchotea maji ya moto, inatoa au imefukiwa na lami? Na aliyekulia kwenye pampu anauliza nyumba. Ghorofa ngapi, chini wanauza nini, mitungi ya gesi wanaiweka wapi, kuna mzee asiyeweza kushuka ngazi? Masuali yote hayo ni ya haki. Tatizo kila mmoja alikuwa analiuliza lake, na la mwenzake linampita kama upepo.

Kwa hiyo jibu fupi ni hapana, si wote walioanza kwenye mpira, na hapa kwetu usilione hilo kuwa ajabu. Kikosi chetu cha Zimamoto na Uokozi kina sheria yake ya 1999, lakini kimo katika Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi Zanzibar (SMZ) pamoja na KMKM ya kuzuia magendo baharini, JKU ya kujenga uchumi, Chuo cha Mafunzo, yaani magereza, na KVZ ya mavalantia, na Kamishna wake anateuliwa na Rais wa Zanzibar. Vikosi hivi ni ndugu wa nyumba moja. Vijana wanaviingia kutoka mafunzo yale yale, wakubwa wanakaa vikao vile vile, na hata kwenye ligi ya soka timu zao zinakutana. (Wapo watu hapa Pemba wanaoijua Zimamoto kwa ubingwa wa 2016 tu, ukiwaambia kuna na magari ya kuzimia moto wanastaajabu.)

Tizama na Bara. Mwaka 2016 Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilipewa Kamishna Jenerali Thobias Andengenye, mtu wa polisi. Alishakuwa kamanda wa polisi wa mkoa, Arusha wanamkumbuka. Januari 2020 Rais Magufuli akatengua uteuzi wake, siku moja na waziri wa mambo ya ndani, kufuatia makubaliano ya mradi mkubwa wa vifaa na kampuni ya nje. Baadaye akateuliwa mkuu wa mkoa wa Kigoma. Sikusimulii haya ili umhukumu mtu, mimi si hakimu wake. Nakusimulia ili uone kwamba kilichomtoa kwenye kiti hakikuwa moto. Ilikuwa karatasi. Ukifika kule juu, jambo la kukuangusha huwa limo kwenye faili, na askari aliyeishi kwenye pampu maisha yake yote anaweza kuwa hajawahi kufungua faili la manunuzi hata moja.

Sasa nije kwa mtu ninayempenda katika habari hizi. Nilipokwenda kozi, tulikuwa na mkufunzi asiyechoka kumsimulia James Braidwood. Huyu alikuwa kijana wa Edinburgh, baba yake fundi wa samani, na mwenyewe alijifunza kazi ya upimaji wa majengo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 24, akapewa kuongoza kikosi cha zimamoto cha mji wake. Hakuwa mzimamoto. Kwa kipimo cha wenzako wa kituoni, huyu "kaletwa tu". Lakini angalia aliwachukua nani: waashi, maseremala, waezekaji mapaa, mafundi bomba. Hoja yake ni kwamba anayejua nyumba inavyojengwa anajua pia itakavyoanguka. Na akawapeleka ndani, karibu na moto wenyewe, badala ya kusimama njiani na kurusha maji madirishani kama ilivyokuwa desturi.

Mwaka 1833 London ikamchukua, na huko akapenda zaidi mabaharia, watu waliozoea kupanda juu, kukesha zamu na kutii amri bila mabishano. Akaongoza hadi tarehe 22 Juni 1861, ghala za Tooley Street kando ya mto Thames zilipowaka, ukuta ukamwangukia akafa akiwa na watu wake. Aliyemrithi, Eyre Massey Shaw, alikuwa ofisa wa jeshi, na kabla ya London alikuwa Belfast akiongoza polisi na zimamoto kwa pamoja. Baada yake wakaja hata maofisa wa majini. Ufaransa ndiyo kabisa: wazimamoto wa Paris ni wanajeshi tangu enzi za Napoleon, na wa Marseille ni wa jeshi la majini. Kwa hiyo yule rafiki yako anayesema "zamani wakubwa wote walitoka chini", muulize zamani ya wapi.

Lakini usinielewe kwamba naidharau njia ya chini. Mimi mwenyewe moyo wangu uko huko, na ningekuwa na kura ningempa wa pampu kila siku. Mtu aliyewahi kutambaa kwenye moshi hawezi kumpeleka askari ndani kwa kujionesha mbele ya waziri. Anajua mtungi wa hewa unavyokwisha haraka ukiwa na hofu. Hilo halisomwi.

Ila njia ya chini nayo ina shimo lake, na mfano wake ni mchungu. Dany Cotton aliingia zimamoto ya London mwaka 1988 akiwa msichana wa miaka 18. Akapanda cheo baada ya cheo, na Januari 2017 akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza kikosi kile. Wewe ukiwa binti katika kazi hii najua utampenda, na mimi nampenda. Haikutimia hata miezi sita, tarehe 14 Juni 2017, jengo refu la makaazi la Grenfell, hapo hapo London, likaungua. Moto ulianzia kwenye friji jikoni, ghorofa ya nne, ukatoka dirishani na kupanda na ukuta wa nje kwa sababu jengo lilikuwa limevishwa vibao vinavyowaka. Watu 72 walikufa. Wengi wao walikuwa wameambiwa wabaki ndani, kwa kuwa taratibu zilidhani moto wa ghorofa hubaki kwenye chumba chake. Aliyetoa amri ya kuachana na ushauri huo pale uwanjani, muda mfupi tu baada ya kukabidhiwa usukani, alikuwa Andy Roe, ambaye kabla ya kuingia zimamoto mwaka 2002 alikuwa ofisa wa jeshi. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, Oktoba 2019, ikakilaumu kikosi kwa kutojiandaa kwa moto wa aina ile. Desemba Cotton akaondoka, na Roe akashika nafasi yake.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kwamba mwanajeshi alishinda pale mzimamoto alipokwama. Uvivu wa kufikiri. Roe siku ile alikuwa na miaka kumi na tano kwenye zimamoto. Na wale waliopanda ngazi za Grenfell usiku ule ni watu wa pampu, hakuna aliyewatilia shaka ushujaa wao. Kilichokosekana kilitakiwa kijulikane kabla moto haujawaka: ule ukuta wa nje ni wa kitu gani, na ukishika moto watu watatokaje. Na hilo, mwanangu, ndilo suali la mkaguzi.

Ndiyo maana nasema wenzako wanakupotosha. Hebu utembee Mji Mkongwe kwa macho ya kazi. Gari letu haliingii vichochoroni, linaishia barabarani, na kutoka hapo ni mipira na miguu. Nyumba ni za mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Boriti zikishaungua, dari lile zito na maji mliyomwaga nyinyi wenyewe yote yanataka kushuka. Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la hapo Mji Mkongwe lililojengwa 1883, iliporomoka upande tarehe 25 Desemba 2020, mchana, bila ya moto wowote, na watu waliokuwa kazini wakafa. Tia moto kwenye jengo kama lile halafu uniambie unampeleka askari ghorofa ya ngapi. Mkubwa asiyejua kulisoma jengo atatoa jibu la kubahatisha, hata kama alikulia kwenye pampu.

Halafu uende Paje, Jambiani, Nungwi, uangalie makuti. Paa la makuti likishika na upepo wa kusini unavuma, gari litokalo mbali linafika kuhesabu nguzo. Huko moto unazimwa miezi kabla, na mtu aliyeshika karatasi: jiko liko umbali gani na paa, nyaya zimepita wapi, pampu ya hoteli inawaka au ni pambo, na nafasi baina ya banda na banda. Mwenye hoteli atakukaribisha juisi, atakuonesha mitungi ya kuzimia moto inayong'aa. Geuza mtungi usome tarehe. Kunywa juisi baadaye, au usinywe kabisa, ndiyo salama zaidi.

Nakiri wale wanaotoka vikosi vyengine wana kitu ambacho wewe huna, na ukaguzi hautakupa. Wanajuana na watu. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilipozama usiku ule wa Septemba ikija huku Pemba, pampu na ngazi hazikuwa na kazi. Ilihitajika boti, wazamiaji, wavuvi wa Nungwi, na mtu wa kuwapigia simu wote hao na simu yake ikapokelewa. Aliyewahi kula mezani na maofisa wa KMKM na polisi anapokelewa haraka. Kwa hiyo mazoezi ya pamoja ya vikosi yakitangazwa, usiwe wa kujificha nyuma. Nenda, jitambulishe, chukua namba.

Kuhusu kupanda cheo siwezi kukudanganya. Kamishna anateuliwa, na uteuzi una mambo yake ambayo dereva mstaafu hayajui na wala hayasemi kwenye barua. Kilicho mikononi mwako ni kwamba, siku watakapolifungua faili lako, wasikute mtu wa upande mmoja. Una miaka ya zamu, hiyo tayari umeipata na mikono yako inaonesha. Ukiongeza ukaguzi utajua majengo, utajua sheria, utajua kuandika ripoti inayosimama mbele ya mwanasheria. Shahada iache kwanza. Isomee baadaye ukiwa unajua unataka kujifunza nini, si kwa sababu fulani kaipata.

Basi kubali uhamisho, lakini uweke sharti, na uliweke kwa heshima: uendelee kushiriki mazoezi ya kituo, kuvaa vifaa vya kupumulia na kupanda ngazi pamoja na zamu yako ya zamani. Waandikie kwa barua, usiseme kwa mdomo tu ofisini, maana maneno ya ofisini hayana nakala. Ubakishe nakala moja kwako, na moja nitumie huku Wete kwa boti, niione ulivyoiandika kabla hujaipeleka. Mamaako anasema na zile chupa zake tupu uzirudishe kwa boti hiyo hiyo.

Babaako