Cheo cha "Meneja wa Shughuli" na posho ya 40,000: nikubali?

SWALI: Shikamoo, mshauri. Nafanya kazi katika makao ya wazee ya taasisi ya dini, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Huu ni mwaka wa tatu, na barua yangu inasema mimi ni mhudumu, mshahara 390,000. Kazi yangu hasa ni kuwashughulisha wazee: mazoezi ya asubuhi, ngoma, bao, bustani, kuwasomea, kuwasindikiza kwenye ibada. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na saa ya chakula huwa nalisha wasiojiweza. Sasa matroni ananiambia nitaitwa "Meneja wa Shughuli za Wazee" na nitaongezewa posho ya 40,000. Sina mtu chini yangu. Nikubali? Na cheo kama hiki kinastahili mshahara gani? (Dada wa Nzuguni)

JIBU: Marahaba, dada. Usisaini bado. Cheo hicho kikiandikwa vibaya kinaweza kukupotezea fedha nyingi kuliko hizo 40,000. Twende kwa hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu waajiriwa wa Tanzania Bara, ukiwaondoa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Makao ya taasisi ya dini yamo ndani. Nalitaja hili mapema kwa sababu nimeshasikia mara nyingi "hapa tunafanya kazi ya Mungu". Ni kweli, na naiheshimu, ila anayeifanya kwa mshahara ni mwajiriwa mwenye haki zake.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi ni saa za ziada: zinafanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki 4, na zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, yaani mshahara bila posho. Kupata thamani ya saa moja, gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa 45. Wako, 390,000, unatoa kama 90,000 kwa wiki, yaani 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 3,000.

Sasa saa zako. Ukitoa saa moja ya mapumziko, unafanya saa 8 kwa siku 6, jumla 48. Zimezidi 3. Lakini wewe hupumziki, unalisha wazee. Sheria inasema mwajiri akikutaka ufanye kazi au uwe tayari kwa kazi wakati wa mapumziko, muda huo unalipwa. Basi hesabu ya kweli ni 54, na zilizozidi ni 9 kila wiki. Mara 3,000 ni 27,000 kwa wiki, 108,000 kwa wiki 4. Hapo sijagusa sikukuu. Ukiingia kazini siku ya Krismasi au Idi, saa za siku hiyo zinalipwa mara mbili.

Neno "Meneja" linaingia hapa. Sehemu ya sheria inayohusu saa za kazi haimgusi mwajiriwa anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe husimamii mtu, na unaripoti kwa matroni. Kwa hiyo jina peke yake halikuondolei saa za ziada, kwa sababu kinachopimwa ni kazi yenyewe. Ila siku ukidai, jambo la kwanza utakaloambiwa ni "wewe ni meneja, mameneja hawana saa za ziada", na barua yenye sahihi yako itawekwa mezani. Sisemi matroni wako ana nia mbaya. Huenda anataka kukuheshimu na hana kingine cha kukupa. Hata hivyo hiyo heshima isije na mlango wa kupotezea 108,000.

Posho nayo iangalie kwa jicho hilohilo. Saa za ziada zinakokotolewa kwa mshahara wa msingi, na kiinua mgongo pia: ukiachishwa kazi katika hali zinazokipa haki hiyo, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Elfu 40 ikiwa posho, haihesabiwi katika hayo mawili. Ikiingia kwenye msingi, inakuongezea yote mawili kwa pamoja. Hilo ndilo la kwanza kuomba, na wala halimwumizi sana mwajiri aliyekwisha kukubali kuitoa.

Umeuliza cheo kinastahili mshahara gani. Cheo, dada, hakilipwi. Kinacholipwa ni maelezo ya kazi, na nina hakika ya kwako hayajaandikwa, kwa sababu kazi hii watu huiona kama kucheza na wazee. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kupanga ngazi za mishahara katika makao fulani ya mkoa huu, nikakaa barazani asubuhi nzima. Kulikuwa na bibi ambaye kumbukumbu zimemtoka. Kila mara anainuka aende getini, anamtafuta bintiye. Yule dada wa shughuli hakumshika mkono wala hakumkemea. Alileta nyungo mbili zenye mtama uliochanganyika na makapi, akaketi upande wake wa kulia, akaanza kupepeta. Bibi akamtazama kidogo, akauvuta ungo wa pili. Mikono ikakumbuka yenyewe: rusha, pokea, rusha, pokea, makapi yakipeperukia upande wa upepo. Alikaa hivyo karibu saa nzima, akisimulia mavuno kwa Kigogo. Nilipouliza kwa nini upande wa kulia, dada akaniambia sikio la kushoto halisikii. Kisha nikafungua daftari la zamu. Asubuhi ile yote ilikuwa imeandikwa kwa neno moja: "Ametulia."

Aliyeandika hivyo alifuta kazi ya kitaalamu. Mle ndani kulikuwa na kujua historia ya mzee, kujua uwezo wa mwili wake, kuchagua shughuli isiyo na hatari, kumkinga asianguke njiani, na kumtuliza bila dawa. Andika yako namna hiyo. Usiandike "kuchezesha bao". Andika kwamba unamhoji kila mzee mpya na nduguze kuhusu kazi aliyofanya, imani yake, macho, masikio na viungo. Kwamba unapanga ratiba ya wiki, unatenga shughuli za wanaotembea na za wasiotoka kitandani. Unanunua vifaa na kurudisha risiti. Unapokea wanaojitolea na kuwaelekeza. Unaandika nani ameshiriki na nani ameanza kujitenga, ukamwarifu muuguzi. Chukua wiki mbili, kila jioni andika ulichofanya na saa zake. Hilo daftari litakusaidia kuliko hoja yoyote nitakayokupa mimi.

Huko Marekani mambo haya yamewekwa kwenye kanuni za serikali kuu: nyumba za uuguzi lazima mpango wao wa shughuli uongozwe na mtu mwenye sifa, na njia mojawapo ya kuzipata ni uzoefu wa miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, mmoja kati ya hiyo ukiwa wa kazi ya muda wote. Ndiyo maana cheo chao kina uzito wa soko. Chako kitabebwa na karatasi mtakayoandikiana wewe na mwajiri, basi karatasi hiyo iwe nzito.

Jina ningependekeza "Mratibu wa Shughuli za Wazee". Linasema unachofanya na halikuweki kwenye kundi la mameneja. Epuka lolote lenye "muuguzi", "tabibu" au "afisa ustawi wa jamii" kama hukusomea, hata wakikupa kwa nia njema. Hayo ni majina ya taaluma za watu.

Kuhusu kiasi. Kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kuanzia 1 Januari 2026, kwa wastani kutoka 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani tu. Kila sekta ina kiwango chake ndani ya amri ya mishahara, kwa hiyo nenda ofisi ya kazi ukaangalie cha kwako. Serikalini kima cha chini ni 500,000 tangu Julai 2025, kama Rais alivyotangaza Mei Mosi kule Singida. Mwajiri wako hafungwi nacho, lakini kinakuonyesha upepo unakoelekea. Kipimo kizuri zaidi kiko hapo hapo kazini kwako: msimamizi wa zamu analipwa ngapi, na mhudumu wa kawaida ngapi? Mratibu anayepanga, kununua na kutunza kumbukumbu asikae sawa na mhudumu. Ningekuwa wewe ningeomba msingi wa 470,000, na nisingeshuka chini ya 430,000, ambayo ni mshahara wako pamoja na zile 40,000 walizokwisha kuzikubali. Saa za ziada zibaki pembeni, zihesabiwe zenyewe. Wakishindwa kuzilipa, wapunguze saa: atafutwe mwingine wa kulisha mchana, na Jumamosi uishie saa 7.

Zungumza na matroni kwanza, kwa upole, daftari mkononi. Masharti ya ajira yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana nawe na kukuarifu kwa maandishi, kwa hiyo kuomba barua si utovu wa nidhamu. Mkifika kwenye shauri na yeye hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake. Ikishindikana kabisa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ina ofisi hapa Dodoma. Mgogoro kama huu hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Anayechelewa huanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na si kila sababu inakubaliwa.

Barua mpya ikitoka, isome mbele yao hadi mwisho: cheo, kazi, saa, mshahara wa msingi, tarehe ya kuanza. Nakala yako yenye sahihi za pande zote iende nayo nyumbani siku hiyo hiyo, isibaki kwenye kabati la ofisi.