Shakespeare mbele ya Malkia: maswali yenu kuhusu picha za chapa

Nimerithi picha ya chapa. Maandishi ya chini yanasema Shakespeare anamsomea Malkia Elizabeth wa Kwanza tamthilia ya *Macbeth*. Ilikuwa mwaka gani?

Haikuwa. Elizabeth alifariki Machi 1603, na wataalamu wengi huiweka *Macbeth* karibu na 1606, wakati wa Mfalme James. Picha za namna hii ni kazi za karne ya 19.

Kwa hiyo Malkia hakuwahi kumwona?

Sikusema hivyo. Hesabu za malipo za Machi 1595 zinawataja William Kempe, William Shakespeare na Richard Burbage wakilipwa kwa maonyesho mawili mbele ya Malkia huko Greenwich, Krismasi ya 1594. Zilikuwa pauni 20 za kundi zima. Yaelekea Malkia alimwona akiigiza. Kwamba waliwahi kuzungumza, hakuna andiko la wakati ule linalosema. Hata kile kisa kwamba Malkia aliagiza aonyeshwe Falstaff, mhusika wa kuchekesha wa Shakespeare, akiwa amependa, kiliandikwa 1709, zaidi ya karne nzima baadaye.

Nami hili linaniudhi kwelikweli. Hesabu zinatuonyesha waigizaji watatu wakipokea ujira wa kundi lao. Picha inamfuta Kempe, inamfuta Burbage, kisha inamsimamisha mtu mmoja chini ya kiti cha enzi kana kwamba tamthilia huzaliwa kwa hisani ya mfalme. Mkitaka kumjua Shakespeare, anzeni na wenzake.

Yangu ni ya miaka ya 1590. Niuze bei gani?

Kila mara naulizwa bei bila kuelezwa picha yenyewe. Ya 1590 si kweli. Msimuuzie mtu kwa maelezo hayo.

Nitatofautishaje chapa halisi na nakala ya kisasa?

Chukua kioo cha kukuzia. Mchongo una mistari na vidoto vilivyokatwa kwa mkono. Nakala ya kiwandani ina nukta zilizopangwa sawasawa. Tafuta pia alama iliyodidimia kwenye karatasi, ya ukingo wa bamba la metali lililochongwa picha, ingawa huenda ilikatwa. Mabamba ya feleji, yaani chuma kigumu, yalienea tangu miaka ya 1820 kwa kuwa yalitoa nakala nyingi kuliko shaba kabla ya kuchakaa, ndiyo maana picha hizi si adimu. Na tafadhali, selotepu isiguse karatasi hiyo.

Je, ile ya Molière, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, akila meza moja na Mfalme Louis wa 14?

Ugonjwa uleule. Wachoraji Wafaransa wa karne ya 19, Ingres na Gérôme, waliichora, lakini kisa kilitoka kwenye kumbukumbu za Madame Campan, aliyemtumikia Malkia Marie Antoinette, zilizochapishwa miaka ya 1820. Molière alikufa 1673. Lililo kweli ni kwamba mwaka 1664 Louis alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza.

Mimi ni mwalimu, tunasoma *Mabepari wa Venisi*. Niitundike darasani picha ya Shakespeare mbele ya Malkia?

Itundike, mwalimu, ila uandike chini yake kuwa ni ya karne ya 19, na kando yake ubandike yale majina matatu ya 1595.